Mwenye Nyayo Bapa Avae Kiatu Gani cha Wazi?

Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo pengine utaliona dogo. Hatujapata kumlaza mtu wodini kwa sababu ya nyayo bapa. Hata hivyo hazipiti siku nyingi katika kliniki yetu ya wagonjwa wa nje bila mtu kuketi mbele yetu, akavua kandambili zake na kusema, "Sista, miguu inawaka moto." Tukimwomba asimame, tunaona unyayo wote umelala sakafuni, huwezi kupitisha hata kidole chini yake.

Aliyetufanya tuandike makala hii ni mama mmoja muuza ndizi, umri wake miaka arobaini na minane. Kila siku ya soko hutembea kilometa sita akiwa na mkungu kichwani, na jioni hurudi vivyo hivyo. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa na maumivu upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa kushoto. Alijaribu dawa za kupaka, alichuliwa na jirani, na alinunua jozi tano za viatu, kila moja kwa ushauri wa mtu mwingine. Jozi ya mwisho ilimgharimu shilingi 35,000, na ndiyo iliyomwumiza kuliko zote. Alipofika kwetu alikuwa ameamua kuacha biashara, naye alikuwa na binti kidato cha pili anayekula, kuvaa na kununua madaftari kwa fedha za ndizi hizo. Alituuliza swali moja tu: "Nivae nini ili nifike sokoni?" Tutajaribu kulijibu kwa faida ya wengine pia, maana tunajua wako wengi.

UNYAYO BAPA NI NINI

Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Mifupa hiyo haikulazwa sawa kama matofali ya sakafu. Imepangwa kama daraja, yaani upande wa ndani, kati ya kisigino na kidole gumba, ina upinde. Upinde huo umeshikwa na kano ngumu zilizo chini ya unyayo, na pia na mshipa mmoja muhimu sana unaotoka nyuma ya mguu, ukapita nyuma ya fundo la ndani na kujishikiza chini ya upinde. Ukikanyaga, upinde unashuka kidogo kupokea uzito, na ukiinua mguu unarudi. Kwa mwenye unyayo bapa upinde huo uko chini mno, au haupo kabisa anaposimama.

Kujipima hakuhitaji mashine. Lowanisha miguu, kisha tembea hatua chache juu ya sakafu ya saruji iliyo kavu au juu ya vumbi laini la uani. Alama ya mguu wenye upinde ni nyembamba katikati, imekatwa upande wa ndani. Alama ya unyayo bapa ni pana yote, kutoka kisigino hadi vidole.

Ukishajua hilo, fanya jaribio la pili ambalo kwetu lina maana zaidi. Shika ukuta, inuka kwa ncha za vidole, na mwenzako akae nyuma yako akutazame. Ukiinuka na upinde ukaonekana, na visigino vikageuka kidogo kwenda ndani, basi nyayo zako ni bapa lakini ni laini. Hiyo ndiyo hali ya watu wengi. Ukiinuka na upinde usionekane kabisa, unyayo ni mgumu, nao unahitaji kuonwa na daktari. Na kama huwezi kuinuka kwa mguu mmoja, ingawa mwaka jana uliweza, yawezekana ule mshipa wa ndani umechakaa au umekatika. Ndivyo alivyokuwa yule mama wa ndizi: mguu wa kulia aliinuka, wa kushoto alijaribu mara tatu akashindwa, akacheka kwa aibu. Tatizo hili huwapata hasa wanawake waliopita miaka arobaini, na zaidi wenye uzito mkubwa, kisukari au shinikizo la damu.

WENGI HAWANA UGONJWA

Tuseme wazi kwamba unyayo bapa usiouma si ugonjwa. Wako watu waliozaliwa hivyo, kama baba zao na bibi zao, nao wanalima, wanacheza mpira na kupanda milima bila shida. Mwaka 1947 madaktari wawili, Harris na Beath, walitoa taarifa ya uchunguzi wa miguu ya askari wa Kanada zaidi ya 3,600. Waliona kwamba unyayo bapa ulio laini, ambao mshipa mnene wa kisigino si mfupi, haukumzuia askari kufanya kazi yake. Waliopata shida ni wale ambao mshipa huo ulikuwa mfupi, au unyayo wenyewe mgumu. Kwa hiyo ukijipima leo jioni ukakuta alama pana, nawe hujawahi kuumwa, endelea na viatu vyako. Makala haya yaliyobaki msomee jirani.

Kwa watoto jambo hili ni muhimu zaidi. Karibu kila mtoto anayeanza kutembea ana unyayo bapa, kwa sababu kano zake bado ni laini na mafuta yamejaa chini ya unyayo. Upinde hujitengeneza polepole katika miaka ya utoto, mara nyingi hadi kufikia miaka minane au kumi.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipokuwa wauguzi vijana tulifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo avalishwe buti ngumu zenye kitu cha kuinua upinde. Baba mmoja alituletea kijana wake wa miaka mitatu, nasi tukamwandikia buti hizo kwa ujasiri wote. Baba aliuza mbuzi, akaenda mjini akanunua. Mtoto alilia kila asubuhi, na baada ya miezi miwili buti moja ilipotea. Ilikuja kuonekana ndani ya ghala, chini ya mahindi, ambako mwenyewe aliificha. Alikua bila buti, na alipofika darasa la pili nyayo zake zilikuwa na upinde kama za wenzake. Sisi hatukujua kwamba tayari mwaka 1989 daktari Wenger na wenzake kule Texas, Marekani, walikuwa wamechapisha matokeo ya kuwafuata watoto wa namna hiyo kwa miaka mitatu. Waliovalishwa viatu maalumu na wasiovalishwa walipata nafuu sawasawa. Mbuzi wa yule baba aliuzwa bure.

Na mwaka 1992 madaktari Rao na Joseph wa India walieleza walivyopima alama za nyayo za watoto 2,300 wenye miaka 4 hadi 13. Kati ya waliovaa viatu, wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6. Kati ya waliotembea peku walikuwa asilimia 2.8. Tena waliovaa viatu vya kufunika walikuwa na nyayo bapa zaidi kuliko waliovaa ndara au viatu vya wazi. Tafadhali msomaji usichukue habari hii ukamvua mtoto wako viatu. Peku kuna funza, kuna minyoo ya safura inayoingia kwa ngozi ya miguu, kuna misumari na pepopunda. Tunachosema ni kwamba mtoto mdogo mwenye unyayo bapa usiouma avae kiatu chepesi cha wazi, kipana mbele, chenye mkanda nyuma, na aachwe acheze peku ndani ya nyumba iliyofagiwa. Mlete hospitali kama anaumwa, kama ni mguu mmoja tu ulio bapa, au kama upinde hauonekani anapoinuka kwa vidole.

KWA NINI KANDAMBILI ZINAWACHOSHA

Tuje sasa kwa mtu mzima anayeumwa. Chukua kandambili ya kawaida ya dukani uitazame. Soli ni sawa tangu mbele hadi nyuma. Hakuna kinachoshika kisigino. Kitu pekee kinachoifunga na mguu ni gidamu katikati ya vidole viwili, na ili isitoke, vidole hujikunja na kung'ang'ania kila hatua. Mwenye upinde mzuri huvumilia hilo. Mwenye unyayo bapa, mguu wake unalala kwenda ndani, kisigino kinateleza juu ya soli, na ule mshipa wa ndani unavutwa siku nzima. Kilometa sita ni hatua elfu kadhaa. Usishangae kwamba jioni kifundo kimevimba.

Hatusemi kandambili zitupwe. Za kwenda bafuni na kumwagilia mboga zinafaa. Lakini si za safari, wala si za kusimama jikoni kwenye harusi kutwa nzima, kazi ambayo akina mama wetu wanaijua vizuri.

JINSI YA KUCHAGUA

Nenda kununua viatu jioni, si asubuhi. Jioni miguu imevimba kidogo, na kiatu kitakachokutosha saa hiyo kitakutosha muda wote. Kabla ya kwenda, simama juu ya karatasi, mtu mwingine akuchoree miguu yote miwili kwa kalamu iliyosimama wima. Ni lazima usimame, kwa sababu unyayo bapa hurefuka unapobeba uzito. Ukipima umeketi utanunua kiatu kifupi. Kata karatasi hizo, uende nazo dukani au sokoni, uziweke juu ya kiatu. Kama miguu haiko sawa, fuata ule mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimeta moja hivi, na pembeni mguu usimwagike nje ya soli.

Halafu kishike kiatu chenyewe. Weka mkono mmoja kwenye ncha na mwingine kwenye kisigino, ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjikia, yaani theluthi ya mbele. Kikikunjika katikati, chini ya upinde, kirudishe mezani hata kama muuzaji anakuambia ulaini ndio raha. Kisha kizungushe kama unavyokamua nguo. Kikijiviringa kama kitambaa hakitaushika mguu wako. Hili huwashangaza watu wengi, maana mwenye miguu inayouma hutafuta kiatu laini kuliko vyote. Yule mama alikuwa amefanya hivyo hivyo. Viatu vyake vya shilingi 35,000 vilikuwa na sponji nene kama godoro. Vilipendeza mkononi, lakini mguu ukizama ndani yake ulikuwa unalala ndani zaidi. Ulaini uwe juu, mahali ngozi inapogusa, na chini yake pawe na kitu kigumu.

Angalia kanda. Kiatu cha wazi kwa mwenye unyayo bapa kiwe na kanda tatu: moja mbele karibu na vidole, moja juu ya mgongo wa mguu, na moja nyuma ya kisigino. Hii ya nyuma usikubali ikosekane. Kanda ziwe na bizimu au sehemu ya kunata ili uweze kulegeza mchana miguu inapovimba. Mama wajawazito walizingatie hili, kwani katika ujauzito kano hulegea, mwili huwa mzito, na nyayo zinaweza kushuka hata kwa asiyekuwa na shida hiyo zamani.

Kuhusu kimo cha kisigino, wengi hudhani kiatu sawa kabisa ndicho salama. Sivyo. Mtu mwenye kigimbi kilichokaza, kisigino chake kinavutwa juu, na mguu hujitafutia nafasi kwa kuangusha upinde. Kisigino cha sentimeta mbili hadi tatu, kipana, kinampunguzia mvuto huo. Zaidi ya hapo uzito unahamia kwenye vidole, na mtu atapata ugonjwa mwingine.

Mwisho tazama ndani, mahali unyayo unapolala. Kisigino kiwe na kibakuli kidogo cha kukaa, na upande wa ndani pawe na mwinuko wa kupokea upinde. Vaa, simama, tembea hadi mlango wa duka na kurudi mara kadhaa. Mwinuko mzuri unausikia kama kiganja kinachokupokea. Ukiusikia kama jiwe, basi uko juu mno kwako, au umekaa mahali si pake. Mwenye unyayo mgumu, yule ambaye upinde haurudi hata akiinuka, asijaribu kabisa kuusukuma kwa mwinuko mkali. Yeye anahitaji kitanda cha kiatu kinachofuata umbo la mguu wake ulivyo.

Kiatu kipya usikivae siku ya kwanza kwenda msibani au sokoni. Kivae nyumbani saa moja, kesho saa mbili, uongeze polepole. Maumivu kidogo ya kigimbi siku za mwanzo ni ya kawaida. Malengelenge, au maumivu yanayozidi kila siku, si ya kawaida.

VIATU VYA MITUMBA

Wengi wetu hununua mitumba, na si vibaya, kwani humo hupatikana viatu imara kuliko vipya vya bei hiyo. Lakini kiatu kilichovaliwa kina kumbukumbu ya mguu mwingine. Kiweke juu ya meza iliyo sawa, ukitazame kwa nyuma. Kikiinama kwenda ndani, mwenyewe wa kwanza alikuwa na shida kama yako, na kitakuendeleza kule kule. Geuza soli uone imelika wapi. Vile viatu vya wazi vyenye kitanda cha koki vitokavyo Ujerumani, ambavyo huonekana mara kwa mara kwenye mafungu, vimetengenezwa vizuri na vina mwinuko wa upinde, ila koki hulainika na kushika alama za vidole na kisigino cha mvaaji. Alama zikiwa za kina na hazilingani na mguu wako, viache hata vikiwa vya bei ndogo.

FUNDI VIATU ANAWEZA KUKUSAIDIA

Tunafika mahali ambapo sisi wenyewe tumejifunza mengi kutoka kwa mtu asiye mwuguzi. Karibu na lango la hospitali yetu anakaa fundi chini ya mwembe, mwenye sindano, gundi na kisu kimoja. Tulianza kumpelekea wagonjwa kwa sababu hawakuwa na fedha, lakini sasa tunawapeleka kwa sababu kazi yake ni nzuri.

Katambuga, yaani viatu vya tairi, mtu wa mjini huvidharau. Lakini jaribu kukikunja kimoja: hakikunjiki katikati hata kidogo. Vina kanda, tena fundi anakukatia kwa mguu wako mwenyewe. Kasoro zake ni tatu. Ni vizito, ni vigumu juu ambapo ngozi inagusa, na mara nyingi hupigiliwa misumari. Kasoro ya pili inatibika: fundi abandike juu ya tairi tabaka la mpira laini na juu yake ngozi. Kasoro ya misumari tunamwomba aiondoe kabisa, atumie uzi na gundi. Tutaeleza sababu hapo chini.

Kinachobaki ni mwinuko wa upinde. Fundi hukata kipande cha ngozi nene au cha mpira, umbo lake kama nusu ya yai lililokatwa kwa urefu, na kukichonga kingo zote mpaka ziishe bila ukingo mkali. Kinakaa upande wa ndani, kinaanzia mbele kidogo ya kisigino na kuisha kabla ya kufika kwenye unene ulio nyuma ya kidole gumba. Hapo ndipo wengi hukosea, wakakiweka mbele mno, na mtu akatembea kama anayekanyaga kokoto. Unene uanze mdogo, kama wa penseli, na uvae wiki mbili ndipo uongeze tabaka jingine ikihitajika. Tusikimbilie kuujaza upinde wote siku moja. Usitumie sponji la godoro, kwani siku ya tatu limeshalala. Vipande vya mpira wa kandambili kuukuu vinafaa kuliko sponji.

Makubazi ya pwani nayo yanaweza kuwekewa kipande hicho, maana ngozi inashona vizuri, mradi fundi aongeze mkanda wa nyuma. Wazee wengine watasema yameharibiwa sura. Ni kweli hayapendezi kama zamani.

WENYE KISUKARI NA WENYE GANZI

Tafadhali sehemu hii isomwe kwa makini, hata na asiye na kisukari, kwa ajili ya mzazi au jirani yake.

Mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, iwe kwa kisukari au kwa ukoma, hawezi kutumia ushauri wetu wa "sikia kama kiganja au kama jiwe", kwa kuwa hasikii. Tulimpokea mzee mmoja aliyetembea siku mbili na msumari wa katambuga ndani ya kisigino. Aliona damu kwenye mkeka, ndipo akajua. Alipoteza sehemu ya mguu. Ndiyo maana tunasema misumari isitumike. Wahudumu wa wagonjwa wa ukoma walilijua hilo zamani. Kule Vellore, India, daktari Paul Brand na wenzake waliwatengenezea wagonjwa viatu vya wazi vya mpira laini wenye vinyweleo juu, na soli ngumu chini, bila msumari hata mmoja, na namna hiyo ya viatu ilienea katika vituo vingi vya ukoma.

Mwenye ganzi asivae kabisa kiatu chenye gidamu kati ya vidole. Kwake kiatu cha wazi si chaguo la kwanza, kwani changarawe huingia na vidole hujigonga. Avae kiatu kipana kilichofunika vidole, chenye mkanda nyuma, na kabla ya kukivaa apitishe mkono ndani yake kila mara. Jioni atazame nyayo zake, na kama macho ni hafifu, mjukuu amtazamie. Mwinuko wa upinde asiwekewe na fundi wa chini ya mwembe. Apelekwe kwa wataalamu wa viatu na viungo bandia. Tanzania ina chuo chao pale KCMC Moshi tangu 1981, na waliosoma pale wako katika hospitali kadhaa kubwa. Uliza hospitali ya mkoa wako.

Kuna hatari moja ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya huipita bila kuitambua. Mwenye kisukari anakuja na mguu mmoja uliovimba na una joto, bila kidonda, pengine bila maumivu yanayolingana na uvimbe huo. Anasema ameteguka. Kumbe mifupa midogo ya mguu inavunjika na kuachana, na akiendelea kuukanyaga, upinde wote utaanguka, chini ya unyayo patatokea nundu, na juu ya nundu kidonda. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tumia mgongo wa mkono wako: gusa mguu mmoja, gusa wa pili, ulinganishe joto. Ukikuta tofauti, asichuliwe, asikandwe kwa maji moto, asiukanyage. Abebwe afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

MAZOEZI MAWILI

Kiatu peke yake hakitoshi kama kigimbi kimekaza. Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma ukiwa umenyooka, kisigino kisiinuke, vidole vitazame mbele. Egemea mpaka usikie kigimbi kinavutika, uhesabu hadi thelathini. Rudia mara tatu kila mguu, asubuhi na jioni. Zoezi la pili ni kuinuka kwa vidole ukishika meza, mara kumi, na kushuka polepole. Ambaye mguu wake umevimba na kuuma kifundoni asianze hili la pili mpaka maumivu yatulie.

YULE MAMA

Mama wa ndizi tulimfunga kifundo kwa bandeji ngumu na kumwomba asibebe mkungu kwa wiki sita. Hilo halikuwa rahisi. Mume wake aliazima baiskeli ya mdogo wake, ndizi zikaenda sokoni kwa baiskeli, naye akawa anazifuata kwa gari la abiria kila fedha ilipopatikana. Fundi alimkatia katambuga mpya kwa karatasi tuliyomchora akiwa amesimama: kanda tatu, kisigino cha sentimeta mbili na nusu, mpira laini juu, na kipande cha upinde chenye unene wa penseli, kilichoongezwa mara moja baadaye. Vyote vilimgharimu chini ya nusu ya viatu vyake vya sponji.

Amerudi sokoni. Anabeba nusu ya mkungu aliozoea, na nusu nyingine huenda na baiskeli. Kiatu cha kushoto hulika upande wa ndani kabla ya cha kulia, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu hupita kwa fundi kubadilishiwa kipande. Mguu wa kushoto bado haujaweza kuinuka peke yake, lakini akishika bega la binti yake unafika nusu. Tumempangia tarehe nyingine baada ya mavuno, na kama hapo hautaongezeka tutamwandikia barua ya kumwona daktari wa mifupa.